Batli Nyingi, Ghala Moja: Jinsi ya Kupanga Hifadhi ya Wingu kwa Kumbukumbu za Vyombo vya Rungwe

Utangulizi

Mji wa Tukuyu umejengwa katika nchi ya milima ya moto. Kaskazini yake unasimama Mlima Rungwe, wenye kimo cha karibu meta 2,960. Mbele zaidi iko kasoko ya Ngozi yenye ziwa ndani yake. Na upande wa mashariki uko mlima Kyejo, ambao kwa mujibu wa masimulizi ya wenyeji yaliyokusanywa na wanajiolojia, ulitoa lava kwa mara ya mwisho yapata mwaka 1800. Rungwe wenyewe ulilipuka kwa nguvu kubwa miaka 4,000 hivi iliyopita, na tabaka la mawe mepesi yaliyorushwa wakati huo bado laonekana katika udongo wa wilaya. Juu ya hayo, miteremko ya kusini ya milima hii hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, nayo ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi kabisa nchini Tanzania.

Nchi ya namna hii ina mambo mengi ya kupimwa: mvua, mitetemo ya ardhi, kimo cha maji ya mito, na joto la chemchemi. Lakini kupima ni nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ni kuhifadhi, na hapo ndipo juhudi nyingi hupotea. Daftari huliwa na mchwa, diski hupigwa na radi, na mwalimu aliyejua mahali faili lilipowekwa huhamishiwa mkoa mwingine.

Katika makala hii tutaeleza namna kumbukumbu za vyombo vingi zinavyokusanywa na kuwekwa katika hifadhi ya wingu. Neno hilo lisimchanganye mwanafunzi wa Tukuyu, ambaye mawingu halisi huyaona karibu kila alasiri ya masika. Hifadhi ya wingu ni kompyuta na diski zilizomo ndani ya jengo fulani, katika mji fulani, chini ya sheria za nchi fulani. Hufikiwa kwa njia ya intaneti, na hukodishwa kwa kipimo, kama vile umeme unavyouzwa kwa uniti. Kukodi ghala hilo ni kazi ya dakika chache. Kulipanga hata kumbukumbu zilizomo ziweze kuaminiwa baada ya miaka ishirini ni kazi inayohitaji fikra, na hiyo ndiyo tutakayoishughulikia.

Batli ni nini?

Nahodha huwa na daftari liitwalo batli, ambamo huandika saa, mwendo, upepo na kila jambo lililotokea safarini. Kompyuta na vyombo vya kupimia vya siku hizi navyo huandika batli zao vyenyewe. Mstari mmoja wa batli ya chombo huweza kuwa hivi:

2025-03-14T05:20:00Z kiwira kipimamvua-03 ONYO betri=11.4 saa=haijasawazishwa

Mstari huu unatueleza wakati, kituo, chombo, uzito wa habari, na habari yenyewe: betri imeshuka hadi volti 11.4, na saa ya chombo haijalinganishwa na saa ya setilaiti. Desturi ya kuandika batli kwa mpango mmoja ilienea kutokana na programu iitwayo syslog, iliyotungwa na Eric Allman katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, miaka ya 1980. Kanuni zake zilizochapishwa mwaka 2009 zinagawa uzito wa habari katika daraja nane, kuanzia 0, yaani mfumo hauwezi kutumika, hadi 7, yaani maelezo madogo madogo ya kumsaidia fundi.

Msomaji aweza kuuliza: ikiwa tunataka kujua mvua, batli ya betri inatuhusu nini? Jibu ndilo kiini cha somo letu. Tuchukulie kipimamvua chenye kidoo kinachopinduka kila kinapojaa milimita 0.2 za mvua. Siku moja chombo chaandika sifuri. Yawezekana mvua haikunyesha. Yawezekana pia jani limeziba mdomo wa chombo, au betri ilikufa usiku. Sifuri ya ukame na sifuri ya chombo kibovu huandikwa kwa tarakimu ile ile. Batli ndiyo shahidi pekee awezaye kuzitenganisha. Kwa hiyo vipimo bila batli ni ushahidi usio na shahidi, na hapana budi vyote viwili vihifadhiwe pamoja.

Faida ya kukusanya: mfano wa mwaka 1910

Tarehe 13 Desemba 1910 eneo la Rukwa, kaskazini-magharibi ya Rungwe, lilitikiswa na tetemeko ambalo ukubwa wake umekadiriwa kuwa 7.4. Ni miongoni mwa matetemeko makubwa kabisa yanayojulikana katika Afrika Mashariki tangu vyombo vya kupimia vilipoanza kutumika. Twawezaje kutaja ukubwa huo leo? Mawimbi ya tetemeko yalizunguka dunia na kuandikwa na vyombo vya nchi za mbali. Kumbukumbu hizo zilitunzwa, na miaka themanini baadaye mtaalamu N. N. Ambraseys aliweza kuzikusanya pamoja na habari za walioshuhudia, akalichambua upya tetemeko hilo katika maandishi yake ya mwaka 1991. Kumbukumbu za kituo kimoja peke yake zisingetosha. Nguvu ya ushahidi ilitokana na wingi wa vituo na kutunzwa kwa maandishi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ulianzishwa mtandao wa dunia wa vipimatetemeko vya aina moja, ambao miongoni mwa vituo vyake vya Afrika vilikuwamo Nairobi, Addis Ababa na Bulawayo. Karatasi za vituo zilipelekwa Marekani, zikapigwa picha katika filamu ndogo, kisha zikarudishwa zilikotoka. Hivyo ndivyo walivyokuwa na nakala mbili katika mabara mawili, kabla neno hifadhi ya wingu halijatungwa.

Baada ya mfululizo wa matetemeko yaliyoitikisa Karonga, nchini Malawi, mwezi Desemba 2009, wataalamu walizidi kulishughulikia eneo letu. Kati ya miaka 2013 na 2015 mradi uitwao SEGMeNT, ulioshirikisha wanasayansi wa Marekani pamoja na taasisi za jiolojia za Tanzania na Malawi, uliweka makumi ya vipimatetemeko kuzunguka kaskazini ya Ziwa Nyasa, ikiwa ni pamoja na eneo la milima ya moto ya Rungwe, na vingine chini ya maji ya ziwa lenyewe. Kumbukumbu zake ziliwekwa katika ghala la taasisi ya IRIS huko Marekani, ambalo tangu mwaka 2023 limo chini ya shirika la EarthScope, na ambalo limekuwa likihamishiwa katika hifadhi ya wingu. Maana yake ni kwamba mitetemo ya ardhi iliyo chini ya migomba na chai ya Rungwe husomwa kutoka katika diski zilizoko ng'ambo ya bahari. Ni heri kwamba zimehifadhiwa. Hata hivyo, mwanafunzi wa Rungwe anapaswa kujua ghala la namna hiyo hupangwaje, ili siku moja aweze kulitumia, na hata kulijenga la kwake.

Safari ya kumbukumbu kutoka kituoni hadi ghalani

Tuchukulie kwamba shule 20 za wilaya, tuseme za Tukuyu, Kiwira, Masoko, Isongole, Mwakaleli na kwingineko, zimeweka vipimamvua vya kielektroni. Kila chombo huandika mstari mmoja kila dakika 5. Safari ya mstari huo ina hatua nne.

Kwanza, chombo huuandika katika hifadhi yake ndogo kilicho nayo. Hatua hii isirukwe kamwe. Mtandao wa simu hukatika, hasa wakati wa dhoruba, na dhoruba ndiyo tunayotaka kuipima. Chombo kinachotuma bila kuandika kwanza hupoteza siku zilizo muhimu kuliko zote.

Pili, programu ndogo ya kukusanya husoma mistari mipya, huitia lebo, na kuifunga pamoja katika kifurushi kilichobanwa ili kipungue ukubwa. Batli hubanika sana kwa sababu maneno yale yale hurudiwarudiwa. Aghalabu hupungua hadi sehemu moja ya tano au hata ya kumi.

Tatu, kifurushi husafirishwa kwa modemu ya simu hadi kwenye kompyuta ya kupokea. Mtumaji hatakiwi kufuta nakala yake mpaka apate jibu kwamba kifurushi kimefika salama. Asipopata jibu, hutuma tena; kwa hiyo mpokeaji naye lazima aweze kutambua kifurushi kilichofika mara mbili, asikihesabu kuwa mvua mbili.

Nne, kifurushi huwekwa ghalani, ndani ya chombo ambacho wenye maghala haya hukiita ndoo. Ndoo haina vyumba wala kabati. Kila kifurushi kina jina moja refu tu, nalo ndilo litakalotumika kukitafuta.

Kupanga ghala

Sasa tuingie katika mpango wenyewe. Mpangaji ana maamuzi saba ya kufanya, na yote yafanywe kabla ya kupokea mstari wa kwanza.

1. Mahali. Kila ndoo huwekwa katika eneo lililochaguliwa. Microsoft ilifungua vituo vyake nchini Afrika Kusini mwaka 2019, na Amazon ikafungua vyake Cape Town mwaka 2020. Dar es Salaam, huko Kijitonyama, kipo Kituo cha Taifa cha Kuhifadhi Data. Umbali huathiri kasi na gharama, na mipaka ya nchi huathiri sheria. Mvua haina siri, lakini batli za kompyuta za shule huweza kuwa na majina ya wanafunzi na habari za matumizi yao. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, na mpangaji hana budi kuizingatia kabla ya kuvusha taarifa za watu nje ya nchi.

2. Saa. Hapa ndipo makosa mengi huzaliwa katika nchi yetu, kwa kuwa sisi tuna saa tatu. Mwanafunzi husema saa 2:20 asubuhi. Saa ya simu yake huonyesha 08:20. Saa ya dunia, inayotumiwa na wanasayansi wote, huwa ni 05:20, kwani sisi tumeitangulia kwa saa tatu. Wakati ni mmoja, maandishi ni matatu. Kanuni iwe hii: ghalani iandikwe saa ya dunia peke yake, kwa mpango wa mwaka, mwezi, siku, saa, dakika na sekunde, na herufi Z mwishoni. Anayesoma ndiye ageuze kwa saa aipendayo. Kwa kipimatetemeko jambo hili ni kubwa zaidi. Mawimbi ya kwanza ya tetemeko hupita katika miamba ya juu kwa mwendo wa kilomita 6 hivi kwa sekunde. Saa ikikosea kwa sekunde moja tu, kituo kitakisia umbali wa kiini cha tetemeko kwa kosa la kilomita 6.

Tena, kila mstari uwe na nyakati mbili: wakati jambo lilipotokea, na wakati lilipopokelewa. Kituo kilichokosa mtandao kwa siku kumi kitaleta mistari ya zamani, na programu nyingi huishuku mistari ya namna hiyo. Kwa mfano, programu ya kukusanya batli iitwayo Loki, iliyotangazwa mwaka 2018, kwa kawaida huikataa mistari yenye umri unaozidi wiki moja, isipokuwa mpangaji ameongeza muda huo. Iliundwa kwa ajili ya majumba ya kompyuta ambamo mtandao haukatiki siku kumi. Anayeitumia Rungwe asipobadili kipengele hicho atapoteza kumbukumbu zilizokwisha kutunzwa vizuri kituoni.

3. Lebo na majina. Lebo ni neno linalobandikwa juu ya kifurushi ili kisitafutwe kwa kufungua vyote. Lebo njema ni zile zenye aina chache: kituo, aina ya kumbukumbu, na daraja la uzito. Vituo 20, aina 3 na daraja 8 hufanya michanganyiko isiyozidi 480, ambayo faharasa huimudu bila shida. Mwanafunzi mwenye bidii aweza kufikiri kwamba kuongeza kiasi cha mvua kuwa lebo kutarahisisha utafutaji. Ikiwa kiasi hicho chaweza kuwa na thamani 500 mbalimbali, michanganyiko hupanda hadi 240,000, na faharasa hugeuka kuwa nzito kuliko kitabu chenyewe. Thamani inayobadilika kila mara ikae ndani ya mstari, isiwe lebo.

Jina la kifurushi nalo lianze na kilicho kipana na kumalizia na kilicho chembamba: rungwe/kiwira/mvua/2025/03/14. Mwaka utangulie mwezi, na mwezi utangulie siku, ili mpangilio wa alfabeti uwe ndio mpangilio wa tarehe. Jina la mtu lisitumike, maana watu huhama.

4. Ukubwa wa kifurushi. Wenye maghala hutoza kwa ukubwa wa vitu na pia kwa idadi ya mara mlango unapogongwa. Vituo 20 vikituma kila mstari peke yake, kwa mwaka vitagonga mlango mara 20 × 288 × 365, yaani mara 2,102,400. Vikifunga mistari ya saa nzima katika kifurushi kimoja, ni mara 175,200. Vikifunga ya siku nzima, ni mara 7,300 tu. Kwa upande mwingine, mwenye kungoja siku nzima hawezi kutoa onyo la mafuriko kwa wakati. Kwa hiyo batli za kawaida zaweza kungoja, na maonyo yatumwe papo hapo kwa njia ya pekee.

5. Ruhusa na funguo. Ufunguo wa ghala ni mfululizo wa herufi za siri. Makosa makubwa ni kuwa na ufunguo mmoja unaofungua kila kitu, ukanakiliwa katika vyombo vyote 20. Chombo kilichofungwa juu ya mlingoti katika uwanja wa shule chaweza kuibiwa, nao ufunguo ukaibiwa pamoja nacho. Basi ziwe funguo za aina tatu. Chombo kipewe ufunguo wa kuweka tu, usioweza kusoma wala kufuta. Wanafunzi na walimu wapewe ufunguo wa kusoma tu. Ufunguo wa kupanga ubaki kwa watunzaji wawili, si mmoja, maana mmoja aweza kuugua au kuhamishwa. Ufunguo usiandikwe ndani ya programu ambayo darasa zima litainakili.

6. Kutofutika na umri. Wenye maghala husifu uimara wa kazi yao. Hifadhi ya Amazon, iliyoanza mwaka 2006 kwa jina la S3, imeundwa kwa lengo la kutunza vitu kwa uhakika wa asilimia 99.999999999 kwa mwaka. Tarakimu hizo za 9 zinahusu kuharibika kwa diski. Hazihusu kosa la binadamu. Mtu mwenye ruhusa akifuta kifurushi, nakala zote za ndani hufutika kwa utii uleule. Kwa hiyo mpangaji awashe utaratibu wa kutunza matoleo ya zamani, na kwa vipimo asilia aweke kufuli la kuzuia kufutwa kwa muda maalumu.

Kila kumbukumbu ipewe umri wake. Maelezo madogo ya fundi, daraja la 7, yaweza kufutwa baada ya siku 30. Batli za betri na saa zidumu kadiri vipimo vinavyodumu, kwa sababu iliyokwisha kuelezwa. Vipimo asilia visifutwe kabisa, bali baada ya mwaka vihamishiwe katika daraja la hifadhi iliyo rahisi kwa bei, ingawa kuvitoa humo huchukua muda mrefu zaidi. Sheria ya umri iandikwe mahali pamoja. Ikiwa ndoo inafuta baada ya siku 30 na faharasa inatunza kwa siku 90, mtafutaji ataonyeshwa jina la kifurushi ambacho hakipo tena.

7. Jaribio la kurudisha. Mara moja kila muhula, mtunzaji achague siku moja iliyopita, achukue vifurushi vyake kutoka ghalani, avifungue katika kompyuta nyingine, na kulinganisha jumla ya mvua na daftari la mkono la shule. Ghala ambalo halijawahi kutoa kitu halijulikani kama ni ghala au ni shimo.

Hesabu ya nafasi

Mwalimu wa hisabati aweza kuitumia hesabu ifuatayo darasani. Mstari mmoja wa kipimamvua una baiti 100 hivi. Kwa siku mistari ni 288, kwa hiyo baiti 28,800 kwa kituo. Vituo 20 hutoa baiti 576,000 kwa siku, na kwa mwaka baiti 210,240,000, yaani megabaiti 210. Mvua za shule 20 kwa miaka kumi zitajaza kiasi cha gigabaiti 2.1 kabla ya kubanwa, nazo huenea katika simu moja ya mkononi.

Kipimatetemeko ni jambo jingine. Huchukua vipimo 100 kwa sekunde katika pande tatu: juu na chini, kaskazini na kusini, mashariki na magharibi. Kwa siku yenye sekunde 86,400 hupatikana vipimo 25,920,000. Kila kipimo kikichukua baiti 4, jumla ni megabaiti 104 hivi kwa siku kwa kituo kimoja. Vituo 20 kwa mwaka hutoa gigabaiti 757 hivi.

Wanasayansi hupunguza mzigo huu kwa hila nzuri. Badala ya kuandika 1,204,517, kisha 1,204,520, kisha 1,204,518, kisha 1,204,523, huandika kipimo cha kwanza peke yake, halafu tofauti: +3, −2, +5. Ardhi ikiwa imetulia tofauti ni ndogo, nazo huenea katika nafasi finyu. Hakuna kinachopotea, maana kwa kujumlisha tofauti hizo twarudi kwenye vipimo vya awali. Siku ya tetemeko tofauti huwa kubwa na faili hunenepa. Hata ukubwa wa faili peke yake huweza kumdokezea mtunzaji kwamba jambo fulani limetokea.

Ghala la kukodi na mali yetu

Limebaki jambo moja ambalo vitabu vya ufundi hulipita haraka. Ghala la wingu ni la kukodi. Ada hutozwa kila mwezi, mara nyingi kwa fedha za kigeni na kwa kadi ya benki, na mwenye ghala hutoza pia kwa kutoa data nje. Shule ambayo kadi yake imekwisha muda, au ambayo fedha za mradi wake zimekoma, hupelekewa maonyo kwa barua pepe ya mtu aliyekwisha kuondoka. Baada ya muda akaunti hufungwa, na yaliyomo hufutwa. Hakuna aliyeiba na hakuna kilichoungua, lakini miaka ya mvua imekwenda.

Kinga yake ni kanuni inayojulikana sana miongoni mwa watunza kumbukumbu: nakala tatu, katika vifaa vya aina mbili, na moja iwe mahali pa mbali. Kwa Rungwe hiyo yaweza kuwa ndoo katika wingu, diski katika shule mojawapo mjini Tukuyu, na diski nyingine katika taasisi iliyo nje ya wilaya. Bajeti ya ghala iandikwe pamoja na bajeti ya chaki na maabara, si katika fedha za msaada peke yake. Na mafaili yawe ya mpango wa wazi, unaosomeka bila kununua programu ya kampuni fulani, ili kuhama ghala kusigeuke kuwa kuacha mali.

Milima ya moto haina haraka. Kutoka mlipuko wa Kyejo hadi leo zimepita zaidi ya karne mbili, na habari zake tunazijua kwa sababu wazee waliwasimulia vijana, na vijana wakawasimulia walioandika. Atakayehitaji kujua chemchemi zilikuwa na joto gani, au ardhi ya Ngozi ilitetemeka mara ngapi kabla haijabadilika, huenda hajazaliwa. Kumbukumbu tunayompelekea itamfikia ikiwa tu saa yake ni sahihi, lebo yake inasomeka, na kuna mtu aliyeendelea kulipia na kulinda ghala.

Zoezi la darasani lisilohitaji intaneti

Mwalimu aligawe darasa katika vikundi vinne, kila kimoja kikiwa kituo. Kwa muda wa siku tano kila kikundi kipime mvua kwa kopo na rula, na kuandika batli: nani alipima, saa ngapi, na hali ya kopo. Kila jioni karatasi zitiwe katika bahasha iliyoandikwa jina kwa mpango ulioelezwa hapo juu, na bahasha ziwekwe katika sanduku moja. Kwa siri, mwalimu akiambie kikundi kimoja kiandike saa kwa desturi ya Kiswahili, na vingine kwa saa ya dunia. Mwishoni kikundi cha tano, ambacho hakikupima, kipewe sanduku na kutakiwa kueleza mvua ilinyesha lini na wapi kwanza. Makosa watakayoyakuta yatawafundisha kuliko maelezo marefu.

Maswali

1. Chombo cha Masoko kimeandika 2025-04-02T14:40:00Z. Mkulima wa Masoko angetaja wakati huo kuwa ni saa ngapi?

2. Vituo 35 vikituma kifurushi kimoja kila saa, ni vifurushi vingapi kwa mwaka wa siku 365?

3. Kituo cha Mwakaleli kimeandika sifuri ya mvua kwa siku sita za mwezi Aprili. Taja habari tatu ambazo ungezitafuta katika batli kabla ya kuamini kwamba mvua haikunyesha.

4. Eleza kwa nini chombo kisipewe ufunguo unaoweza kufuta.

Majibu ya maswali mawili ya kwanza: (1) saa 11:40 jioni, (2) vifurushi 306,600.